Kuhamisha springi ya mbele ya hotirodi: kutoka juu ya ekseli hadi nyuma yake

Mwongozo huu wa hotirodi, yaani gari la zamani lililofanyiwa marekebisho, unatumia fremu ya Ford Model A (1928–1931), ambayo ina springi moja ya majani iliyokingama juu ya ekseli ya mbele. Kazi ni kuihamisha springi hiyo ikae nyuma ya ekseli. Model T, Ford ya 1932 na zile za 1933–34 zina mpangilio huohuo wa asili, kwa hiyo hatua hazitofautiani sana. Kinachotofautiana ni vipimo. Kuanzia 1935 hadi 1948 Ford wenyewe waliisogeza springi mbele ya ekseli na kuifunga kwenye ncha za wishiboni, ile fimbo yenye umbo la V inayoishika ekseli kutoka nyuma. Mwenye gari la miaka hiyo asome sehemu ya hesabu akiigeuza: faida na hasara zote zinakwenda upande wa pili.

Sababu ya kufanya kazi hii ni urefu wa gari kutoka chini. Springi ikiwa juu ya ekseli, pakiti ya majani na ekseli vinagombea nafasi moja. Ukishusha pua ya gari kupita kiasi, sahani ya chini ya yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi) inaanza kugonga ekseli kwenye kila shimo la barabara. Springi ikihamia nyuma, inaweza kushuka hata usawa wa ekseli bila kugusana nayo. Ila kimo siyo kitu pekee kinachobadilika. Springi iliyo nyuma ya ekseli inabeba mzigo kwa wenzo, na wenzo huo unaifanya iwe laini zaidi, unaongeza uzito inaobeba, na unaleta nguvu mpya kwenye fimbo zinazoishika ekseli. Gari nyingi zilizofanyiwa kazi hii na zikaharibika hazikuharibika kwa sababu ya welding mbaya. Ziliharibika kwa sababu hakuna aliyepiga hesabu.

Hesabu kabla ya kukata chochote

Pima vitu viwili. Cha kwanza ni umbali kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya pini ya kibebeo cha springi kwenye mabano mapya. Hapa tutumie mm 110 kama mfano. Yako yanaweza kuwa pungufu au zaidi. Cha pili ni umbali kutoka katikati ya ekseli hadi pivoti ya nyuma ya fimbo, pale inapofungwa kwenye fremu. Tuseme mm 800.

Kwa hepini, yaani fimbo mbili kila upande zinazokutana kwenye pivoti moja nyuma, ekseli na fimbo ni kitu kimoja kinachozunguka kwenye pivoti hiyo. Springi imesimama mm 690 kutoka pivoti, gurudumu liko mm 800. Gawa 800 kwa 690, unapata 1.16. Maana yake springi inabeba asilimia 16 zaidi ya mzigo uliokuwa ukiibebesha ilipokaa juu ya ekseli. Ulaini nao unabadilika kwa mraba wa uwiano: 690 kwa 800, zidisha kwa yenyewe, ni 0.74. Springi ileile ambayo hujaigusa itahisiwa kwenye gurudumu kana kwamba imepoteza robo ya ugumu wake.

Chukua mfano: uzito wa mbele unaobebwa na springi ni kilo 440, na springi inabonyea mm 25 kwa kila kilo 100. Asilimia 16 ya kilo 440 ni kilo 70, kwa hiyo springi itabonyea mm 17 au 18 zaidi ya ulivyozoea. Usipoziweka milimita hizo kwenye mpango wa kimo, gari litakaa chini kuliko mchoro wako na vizuizi vya mpira vitafanya kazi ya springi.

Kwa mpangilio wa fimbo nne zenye urefu sawa na zinazokwenda sambamba, mambo ni tofauti. Ekseli inapanda na kushuka bila kuzunguka, kwa hiyo springi inabaki na ugumu wake na mzigo wake wa zamani. Wenzo hata hivyo haujatoweka. Umehamia kwenye fimbo. Springi inasukuma chini mm 110 nyuma ya ekseli, ekseli inataka kupinduka, na fimbo ndizo zinazoizuia: ya juu inagandamizwa, ya chini inavutwa. Ukiwa na kilo 220 kila upande na fimbo zikiachana mm 130 kwa wima, kila fimbo inabeba takribani kilo 186 gari likiwa limesimama tu. Hiyo ndiyo sababu ya kukataa mabano ya bati jembamba na rodi endi (viungo vya ncha za fimbo) za bei ya chini kwenye kazi hii, hata kama kwenye springi ya juu zilikuwa zinatosha.

Hepini au fimbo nne?

Hapa hakuna ladha kabla hujajua aina ya ekseli yako. Ekseli ya kufuliwa yenye umbo la herufi I inaweza kujipinda kidogo kama chuma kinavyoruhusu. Ekseli ya bomba haijipindi. Gurudumu moja likipanda mm 75 na la pili likabaki chini, hepini mbili zenye urefu wa mm 800 zinatofautiana kwa zaidi ya nyuzi 5. Ekseli ya I inameza tofauti hiyo. Ya bomba inaikataa, na kitakachokubali ni mabano, welding au bolti. Kwa hiyo ekseli ya bomba inakwenda na fimbo nne, na hakuna mjadala. Vivyo hivyo kwa wishiboni ya Ford iliyokatwa katikati na kufungwa pembeni mwa fremu: nayo inafanya kazi kama hepini. Ekseli ya bomba ya Ford V8-60 ilifaa na wishiboni yake ya kiwandani kwa sababu wishiboni ile haikukatwa; iliishia kwenye kifundo kimoja katikati ya gari.

Ukiwa na ekseli ya I, chagua unachopenda. Sisi tungechagua hepini kwa gari lisilo na madigadi, kwa sababu hapo kila kitu kinaonekana na hepini zinapendeza. Ila ujue kwamba kasta, yaani pembe ambayo kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) imeinama kuelekea nyuma, itabadilika kila ekseli inapopanda na kushuka. Usitoboe matundu ya urembo kwenye ekseli hii. Springi ya nyuma inaipa msokoto ambao haikuwa nao mwanzo.

Vitu vya kuandaa

Mabano mawili yenye kibebeo cha springi upande wa nyuma, pamoja na bolti zake za ekseli.
Springi yenye jicho lililogeuzwa kwenye jani kuu, ikiwa unataka kushuka zaidi. Inashusha karibu kipenyo kimoja cha jicho.
Shakeli mpya (viungo vinavyounganisha macho ya springi na vibebeo) jozi moja na bushi zake. Usirudishe za zamani.
Yubolti mbili za inchi ½ zenye uzi mwembamba, sahani ya mm 10 ya chini, na nati za kujifunga.
Bomba la mstatili la chuma, mm 50 kwa 75, ukuta wa mm 5, kwa krosimemba mpya (mhimili unaokingama kati ya reli mbili za fremu). Bamba la mm 6 kwa kiti cha springi. Bamba la mm 4 kwa kufunga upande wa wazi wa reli.
Hepini au fimbo nne, na rodi endi za inchi ⅝ au zaidi.
Upau wa Panhard (fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isiende pembeni) wa bomba lisilo na mshono, kipenyo cha mm 25, ukuta wa mm 4 hivi.
Vizuizi vya mpira viwili na mikanda miwili ya kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi.

Kwa zana: stendi imara nne, jeki mbili, timazi, pimamaji, kipimo cha pembe cha dijitali, tepu, kitanua-springi, grainda, na mashine ya MIG au TIG yenye uwezo wa kupenya mm 6. Kama hujawahi kuchomea sehemu inayobeba maisha ya watu, pima, kata na uishikishe kwa nukta wewe, kisha mwite mchomeaji mwenye cheti aimalize. Hakuna aibu hapo.

Weka fremu kwenye kimo chake

Fremu ikae kwenye stendi katika mkao uleule itakaokuwa nao barabarani. Usiiweke sawa kwa pimamaji eti ni rahisi. Ikiwa matairi ya nyuma ni makubwa na pua itainama nyuzi 2, iinamishe nyuzi 2 sasa hivi. Kila nyuzi ya kuinama inaondoa nyuzi moja ya kasta, na ukiipuuza utaitafuta kasta hiyo baadaye kwenye rodi endi ambazo hazina uzi wa kutosha.

Dondosha timazi kutoka alama mbili za kudumu kwenye reli, kulia na kushoto, na uweke alama sakafuni. Weka alama za katikati ya ekseli ya nyuma pia. Pima mishazari miwili ya fremu. Ikitofautiana zaidi ya mm 3, nyoosha fremu kwanza. Springi mpya haiwezi kurekebisha fremu iliyopinda, itaificha tu hadi tairi zianze kulika upande.

Sasa amua swali ambalo wengi hulikuta wakiwa wameshachelewa: nini kinasogea, ekseli au krosimemba? Springi imefungwa kwenye krosimemba. Ukiiacha krosimemba mahali pake na springi ikawa nyuma ya ekseli, ekseli nzima inakwenda mbele mm 110. Umbali kati ya ekseli mbili za Model A ni inchi 103.5, yaani mm 2,629. Utakuwa mm 2,739, mrefu kuliko hata Ford ya 1932 yenye inchi 106. Kwa gari lisilo na madigadi hilo linaweza kupendeza sana. Kwa gari lenye madigadi, gurudumu litakaa mbele ya uwazi wake na litaonekana kama kosa, kwa sababu ni kosa. Ukitaka umbali ubaki uleule, krosimemba inarudi nyuma mm 110, na hapo rejeta, feni na puli ya mbele ya injini vinadai nafasi yao. Rejeta ya Model A inakaa juu ya krosimemba ya asili, hivyo itahitaji vishikio vipya. Pima nafasi kati ya feni na rejeta kabla hujawasha grainda.

Kutoa springi ya zamani

Springi ya Ford ya kukingama iko kwenye mvutano muda wote, hata gari likiwa juu ya stendi. Macho yake yanataka kurudi ndani. Ukigonga pini ya shakeli itoke bila kushika springi, jani kuu linaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono.

1. Inua gari, weka stendi chini ya reli nyuma ya krosimemba, na jeki chini ya katikati ya ekseli.
2. Funga kitanua-springi kati ya macho mawili na ukikaze mpaka shakeli zilegee. Usisimame kwenye mstari wa springi, mbele wala pembeni.
3. Toa shakeli zote mbili. Legeza kitanua-springi polepole hadi mvutano uishe kabisa.
4. Fungua nati za yubolti. Senta bolti inashika majani yasiachane, kwa hiyo usiifungue springi ikiwa bado chini ya gari.
5. Tenganisha draglinki (fimbo inayotoka kwenye boksi ya stelingi), mipira ya breki na fimbo, kisha shusha ekseli.

Kabla ya kutoa chochote, ulipaswa kuwa umepima jambo moja gari likiwa bado limesimama kwa matairi yake: umbali wa wima kutoka mstari unaopita kati ya macho ya springi hadi uso wa juu wa pakiti. Ndio upinde wa springi ikiwa na mzigo. Bila namba hiyo, kimo cha krosimemba mpya kitakuwa cha kubahatisha. Kwa springi mpya, ipime kwa kuibebesha uzito unaojulikana, kilo 100 baada ya kilo 100, na uandike inabonyea kiasi gani.

Krosimemba na kiti cha springi

Funga mabano mapya kwenye ekseli. Weka ekseli kwenye stendi zake kwa kimo cha barabarani, yaani nusu ya kipenyo cha tairi lililobonyea, ukizingatia kimo cha spindeli (mhimili unaobeba gurudumu). Ilinganishe na alama za sakafuni. Pima kutoka kila kingpini hadi alama ya ekseli ya nyuma upande huohuo, kisha mishazari. Tofauti isizidi mm 2. Weka kasta ya nyuzi 6 kwa sasa, kwa sababu kuizungusha ekseli kunapandisha au kushusha kibebeo cha springi: kwa mm 110, kila nyuzi moja ni karibu mm 2.

Kimo cha kiti kinapatikana hivi: anza na kimo cha pini ya kibebeo kutoka sakafuni, toa mshuko wa wima wa shakeli, kisha ongeza upinde wa springi ikiwa na mzigo wake mpya. Shakeli ya mm 60 kati ya pini na pini, ikilala nyuzi 45, inashuka mm 42. Ukiwa na hepini, punguza kwenye upinde zile milimita 17 au 18 ulizopata kwenye hesabu. Namba inayotoka ndiyo kimo cha uso wa chini wa kiti cha springi.

Kiti chenyewe ni bamba la mm 6 lililo chini ya krosimemba, lenye upana wa springi na zaidi kidogo kila upande kwa ajili ya yubolti. Springi nyingi za mbele za aina hii zina upana wa inchi 1¾. Toboa tundu la kichwa cha senta bolti likiwa la kubana, kwa sababu ndilo linalosema katikati ya gari ni wapi. Kiti kiinamishwe kufuata kasta, ili majani yawe kwenye mstari mmoja na pini za vibebeo. Kiti kikiwa sawa na sakafu huku vibebeo vimeinama nyuzi 6, bushi za shakeli zinapindishwa kila wakati na zitakwisha mapema. Kosa hili ni dogo na linaonekana kila mahali.

Njia nyingine ni kuweka kiti mbele ya fremu kabisa, kwenye bamba linalochomoza kutoka krosimemba. Ndiyo ile ambayo Wamarekani waliipa jina la kujiua, na jina halikuja bure: uzito wote wa mbele unaning'inia kwenye welding ya bamba moja. Ukiitumia, bamba liwe la mm 10, lifungwe pande zote mbili kwa vikazio vya pembetatu visivyopungua mm 100 kila mkono, na krosimemba iliyo nyuma yake iwe bomba lililofungwa, si channeli ya wazi inayoweza kujisokota. Tukiwa na nafasi ya kuweka kiti kati ya reli mbili, hatuoni sababu ya kukipeleka nje.

Reli za Model A ni channeli za wazi. Zifunge kwa bamba la mm 4 kuanzia ncha ya mbele hadi angalau mm 400 nyuma ya krosimemba mpya, ukichomea vipande vifupi vya mm 25 kwa kubadilishana pande. Ukichomea mfululizo, reli itavutwa na kupinda. Usikate krosimemba ya zamani mpaka umechomea bomba la muda kati ya reli, la sivyo reli zitafunguka au kufungwa milimita kadhaa na vipimo vyako vyote vitakuwa vya gari lingine.

Shika krosimemba mpya kwa nukta nne. Pima tena kila kitu. Ongeza nukta nne, pima tena, ndipo umalizie. Springi isiwe karibu wakati wa kuchomea. Cheche moja ikiruka kwenye jani inaacha doa gumu dogo, na ufa wa springi huanzia hapo. Usichomee kitu chochote kwenye ekseli ya kufuliwa, spindeli wala mikono ya stelingi.

Kufunga springi na kusoma shakeli

Osha majani, ondoa kutu, sawazisha ncha za kila jani kwa jiwe la kunolea ili zisichimbe jani la juu yake, na upake grisi ya grafiti au uweke vipande vya plastiki ngumu. Funga pakiti kwenye kiti, kaza yubolti kwa zamu hadi takribani Nm 80–90 ukiwa umepaka uzi oili. Yubolti zikilegea, senta bolti inabeba nguvu ambayo haikuundiwa na inakatika. Kisha springi inateleza pembeni na ekseli nayo.

Tanua springi, ingiza shakeli, rudisha polepole. Kisha shusha gari kwa uzito wake kamili, injini na rejeta zikiwemo, na lisukume mbele na nyuma mita chache ili litulie. Sasa soma shakeli. Jicho la springi liwe ndani na chini ya pini ya kibebeo, na shakeli ilale karibu nyuzi 45. Ikilala kupita hapo na kukaribia usawa, springi ni fupi: gari litakuwa gumu na shakeli inaweza kugongana na kibebeo. Ikisimama karibu wima, springi ni ndefu: mbele ya gari itayumba kulia na kushoto, na kwenye shimo kubwa shakeli inaweza kupinduka upande wa pili na kukwama huko. Shakeli ya kulia na ya kushoto zikitofautiana, tundu la senta bolti haliko katikati. Usijaribu kuficha hilo kwa upau wa Panhard. Rudi kwenye kiti.

Kasta

Pima ukiwa na uzito kwenye magurudumu, kipimo cha pembe kikiwa kwenye uso bapa wa juu wa kichwa cha ekseli panapopita kingpini. Lenga nyuzi 5 hadi 7; kiwango cha Ford kwa Model A kilikuwa nyuzi 5. Pande mbili zisitofautiane zaidi ya nusu nyuzi, vinginevyo gari litavuta, na kwa hepini utakuwa pia umeisokota ekseli kabla haijaanza kazi.

Kwa hepini ya mm 800, ekseli ikipanda mm 50 kasta inaongezeka nyuzi 3.6, ikishuka inapungua kiasi hichohicho. Ndiyo maana gari lililowekwa nyuzi 3 likiwa limesimama linaweza kufika sifuri likiruka tuta, na hapo stelingi inakuwa tupu mkononi. Kwenye kila rodi endi acha uzi wenye urefu wa angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake ndani ya fimbo. Kwa inchi ⅝ ni mm 24. Pale bolti inaposhikwa upande mmoja tu, weka washa pana nje ya rodi endi ili kifundo kikichakaa fimbo isichomoke.

Stelingi na upau wa Panhard

Springi na tairodi (fimbo inayounganisha mikono ya stelingi ya magurudumu mawili) sasa zinataka kupita mahali pamoja, nyuma ya ekseli. Wengi wanaikimbilia njia rahisi: kuitupa tairodi mbele ya ekseli kwa kubadilishana mikono ya kulia na kushoto. Usifanye hivyo bila kubuni mikono upya. Mikono ya stelingi inatakiwa ielekee katikati ya ekseli ya nyuma. Kwa kingpini zilizoachana mm 1,219 na umbali wa mm 2,739 kati ya ekseli, hiyo ni pembe ya nyuzi 12.5, sawa na mm 33 kwenda ndani kwa mkono unaorudi nyuma mm 150. Ukiupeleka mkono mbele, ncha yake inapaswa kwenda nje kwa mm 33 hizohizo, na huko kuna ngoma ya breki na rimu. Bila hivyo, gurudumu la ndani linakata kona kidogo kuliko la nje na tairi zinaburuzwa kila kona. Suluhisho la kawaida ni mikono iliyoshushwa, tairodi ikipita chini ya springi na chini ya fimbo. Hakikisha nafasi ya mm 12 pande zote, usukani ukiwa umekatwa mwisho kulia na kushoto, ekseli ikiwa juu kabisa na chini kabisa. Hizo ni hali sita pamoja na ile ya kunyooka, zikague zote.

Kwa stelingi ya pembeni, ambapo draglinki inakwenda mbele sambamba na reli, ekseli iliyosogea mm 110 inataka draglinki ndefu zaidi kwa kiasi hicho. Draglinki ikae karibu sambamba na fimbo ya ekseli na pivoti zake za nyuma zikaribiane, la sivyo kila tuta litaugeuza usukani.

Kwa stelingi ya kukingama, kama zile zinazotumia boksi ya Chevrolet Vega, draglinki inaisukuma ekseli pembeni na shakeli hazina cha kuizuia. Sehemu ya kwanza ya kugeuza usukani inakwenda kuisogeza ekseli badala ya kugeuza magurudumu. Upau wa Panhard ni wa lazima hapa. Ufunge kwenye fremu upande uleule wa boksi ya stelingi, na kwenye ekseli upande wa pili, uwe sambamba na draglinki na urefu wake ukaribiane nayo, ili vyote viwili vichore tao moja. Upau wa mm 600 unaisogeza ekseli mm 2 tu kwa safari ya mm 50. Wa mm 300 unaisogeza zaidi ya mm 4. Usiufunge kwenye sahani ya yubolti. Tumeona ukifungwa hapo, na kazi yake inakuwa kulegeza nati unazozitegemea.

Vizuizi, shokapu, breki

Acha angalau mm 65 kati ya ekseli na kizuizi cha mpira gari likiwa limesimama, mm 75 ni bora. Mikanda ya kuzuia mshuko ikaze kabla shakeli haijafika mahali pa kupinduka. Shokapu zisiegemee zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima: kwenye nyuzi 30 zimebaki na robo tatu ya nguvu, kwenye 45 ni nusu. Kwa kuwa springi ya hepini imekuwa laini, shokapu za zamani huenda zikaonekana ngumu mno. Anza na laini zaidi.

Mipira ya breki ipimwe ekseli ikining'inia na usukani ukiwa umekatwa mwisho. Sogeza vishikio vyake mbele kama ekseli ilisogea.

Kisha vuta uzi kutoka sehemu ya chini kabisa ya rimu moja hadi pale tairi la upande wa pili linapokanyaga sakafu, na urudie kwa upande mwingine. Hakuna sehemu ya fimbo, tairodi, sahani ya springi wala upau wa Panhard inayoruhusiwa kuwa chini ya nyuzi hizo. Springi iliyoshushwa nyuma ya ekseli ndiyo mkosaji wa kwanza hapa: tairi likipasuka, sahani ya yubolti inachimba lami.

Barabarani

Weka magurudumu yakaribiane mbele kuliko nyuma kwa mm 1.5 hadi 3, tairi za radiali zikitaka kiasi kidogo. Endesha taratibu kilomita 5 mahali patupu, simama, kisha angalia kama rangi imekwaruzwa popote karibu na springi na tairodi. Gari likitetemesha usukani kwenye mwendo fulani, angalia bushi za kingpini, uwiano wa matairi na tofauti ya kasta kati ya pande mbili kabla ya kununua kizuia mtetemo cha stelingi. Likielea pembeni kwenye upepo, rudi kwenye pembe ya shakeli na bushi za Panhard. Likigonga vizuizi kwenye matuta madogo, hesabu ya wenzo haikuingia kwenye kimo. Ongeza jani moja au chukua springi ngumu zaidi, usiongeze kipande cha chuma juu ya kiti.

Kaza yubolti upya baada ya kilomita 80, halafu baada ya 500. Majani hujipanga na grisi hujibana, na nati iliyokuwa na Nm 85 inaweza kukutwa imelegea. Pima pia pembe ya shakeli na kimo cha gari wakati huohuo: springi mpya hushuka milimita chache mwanzoni, na kasta inashuka au kupanda nayo.